Shokapu Nne za Malkia

Jumamosi asubuhi Malkia alisema kwamba Jumatatu haendi. Alisema hivyo huku akikunja nguo zilizoanuliwa jana yake, bila kuinua macho, na mumewe, aliyekuwa amekaa kizingitini akifunga viatu, akaacha kamba moja ikining'inia.

"Huendi wapi?"

"Kwenye mazoezi. Nimechoka, baba. Mguu ukitaka kupona, utaponea humu humu ndani."

Tuelewane mapema: Malkia hakuwa malkia wa chochote. Alikuwa mshona mapazia wa miaka hamsini na mbili, ambaye aliteleza kwenye ngazi za duka la vitambaa akiwa amekumbatia jora zima, akavunjika nyonga ya kushoto. Cheo alipewa na mumewe miaka mingi nyuma, kwa sababu hapandi pikapu yao bila mto. Mto wenyewe aliushona kwa mabaki ya mapazia. Huuweka kitini kwanza, akaupapasa, akausogeza huku na huku, ndipo akakaa. Mumewe akiona hivyo hakosi la kusema: "Haya, Malkia ameshatandikiwa, twende." Siku nyingine Malkia hucheka, siku nyingine hacheki.

Mume naye watu humwita Tofali, maana ndiyo kazi yake. Hubeba matofali ya saruji kutoka yanakofyatuliwa na kuyapeleka kwa wanaojenga. Miaka kumi na moja na pikapu ile ile, anapakia, anapakua, anapakia tena. Wengine uzee huwaanzia kwenye nywele. Yeye ulimwanzia mgongoni. Kwa ajili ya mgongo huo alikuwa amekishonesha kiti chake cha dereva mara mbili, sponji mpya na kitambaa kipya, kwa kuwa dereva asipokaa vizuri kazi haiendi. Hilo mtu yeyote anayelala na usukani mkononi atakwambia.

Hospitali walimwekea Malkia chuma kwenye nyonga, kisha wakamkabidhi kwa bwana mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu mpole kwa maneno na mkatili kwa mikono. Jumatatu na Alhamisi, miezi mitatu. Bwana huyo hakuwaficha kitu. "Mkikatisha katikati, nyonga itakakamaa," alisema. "Hiyo fimbo hataiweka chini tena."

Sasa ilikuwa wiki ya tano. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni mwendo wa dakika arobaini, nusu yake ikiwa barabara iliyochimbwa itengenezwe kisha ikasahauliwa. Malkia huondoka na uso wake na kurudi na uso wa mtu mwingine. Akishuka hushika mlango wa gari, akasimama hapo kwanza, macho kayafumba, mpaka maumivu yapungue. Na si kwamba mazoezi yalikuwa yakimshinda. Mara mbili walikwenda kwa teksi, akarudi anapiga soga njia nzima, lakini teksi ya kila wiki si ya watu wa matofali.

"Mazoezi nayaweza," alisema sasa, akiweka shuka juu ya shuka. "Hilo gari lako ndilo linalonimaliza."

Tofali akafunga ile kamba iliyobaki. Alikuwa ameamka amechoka, kama alivyoamka amechoka jana na juzi, na hakuwa na nguvu ya kubishana. Alimjua mkewe vizuri. Akisema kwa sauti ya chini namna hiyo, ujue ameshaamua.

"Nitalishughulikia leo," akasema.

"Shughulikia usingizi wako kwanza."

Hakulala. Alikwenda mtaa wa vipuri, kwa mama mmoja aitwaye Mama Nati, ambaye duka lake lina upana wa mlango na urefu wa treni. Mama Nati huvaa miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni na hauzi kitu kabla ya kukuhoji, utadhani anakuozesha binti.

"Shokapu," Tofali akasema. "Zote nne."

"Wewe? Wewe uliyezoea kuninunulia kipande leo, kipande mwaka kesho?" Akamtazama juu ya miwani. "Kuna nini?"

Tofali akaegemea kaunta. Alieleza kwa kifupi, nyonga, hospitali, Jumatatu, na alipomaliza alijikuta ameegemeza hata paji la uso kwenye kiganja. Mama Nati hakumpa pole. Aliingia ndani ya ule urefu wa duka, akakaa huko kitambo, akarudi na shokapu mbili na kuzilaza kaunta. Mabomba mawili manene ya chuma, yale yanayomeza mtikisiko wa gari, moja jeusi, moja la kijivu.

"Hii nyeusi ni ngumu. Pakia matofali yako sitini, haitikisiki. Ila ukiwa mtupu, kila shimo utalisikia mpaka kwenye meno. Hii ya kijivu ni laini, itakubembeleza. Lakini ukiipakia matofali sitini kila siku, mwaka hauishi imetapika mafuta yote."

"Sasa nichukue ipi?"

"Unabeba nini?"

"Matofali."

"Na nani?"

Tofali akaigusa ile ya kijivu kwa kidole.

"Basi hilo si swali la shokapu," akasema Mama Nati. "Ni swali lako mwenyewe."

Tofali akachukua moja mkono huu, nyingine mkono ule, kana kwamba uzito ungemwambia lolote. Akiichukua laini, itabidi apakie matofali thelathini thelathini. Safari moja iwe mbili. Kuinama mara mbili kule kwa wafyatuaji, kuinama mara mbili kwa mwenye nyumba, kila siku ya Mungu, na mgongo wenyewe ndio huu. Alihisi uchovu wa mwaka mzima ujao ukimkalia mabegani hata kabla haujafika. Halafu akamwona mkewe ameshika mlango wa gari, macho kayafumba. Akairudisha ile nyeusi kaunta.

"Hizi za kijivu. Nne."

Mama Nati alianza kuzifunga kwa gazeti. "Na yeye anasema panamuuma vipi? Akikaa, au gari likiruka?"

"Anasema gari."

"Gari ni kitu kikubwa, baba."

Lakini Tofali alikuwa ameshazibeba, mbili kila kwapa, na akili yake ilishatangulia gereji.

Fundi wake anaitwa Kimya, na aliyempa jina hilo alikuwa na ucheshi, kwa sababu mtu huyo huongea hata akiwa amelala chini ya gari, hata akiwa na nati mdomoni. Alipandisha pikapu kwenye jeki, akafungua shokapu ya kwanza, akaisukuma ndani kwa kiganja. Ikaingia, ikabaki humo humo.

"Imekufa hii," akasema. "Imekufa siku nyingi, hukuizika tu. Ulikuwa unaendesha kitanda cha springi."

Alifunga zile mpya moja moja akisimulia habari za shemeji yake na nyumba isiyokwisha. Tofali alisimama karibu, akimpa spana aliyoitaka na kuitikia alipotakiwa kuitikia. Kazi ilipokwisha Kimya alikwenda kila pembe ya gari, akaibonyeza kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likatulia. Tofali naye akajaribu. Likashuka, likapanda, likatulia. Moyo wake ukatulia pia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Pale gerejini kuna mtindo. Gari likishafungwa chochote cha chini, Kimya huliendesha mwenyewe, vioo juu, asikilize. Mwenye gari husubiri nje, kwenye tairi kuukuu lililolazwa getini. Miaka yote Tofali amesubiri juu ya tairi hilo. Leo tairi lilikuwa juani, na miguu yake ilikuwa imekataa kusimama. Akazunguka upande wa pili wa pikapu, akafungua mlango, akapanda.

"Sitasema neno," akasema.

"Wewe huna neno. Mwenye maneno ni mimi."

Wakatoka. Kimya alichagua njia mbaya kwa makusudi, ile ya nyuma ya stoo za mbao, yenye mashimo ya kila umri. Shimo la kwanza pikapu ililimeza kama haikuliona. "Umesikia?" Kimya akasema. "Sikiliza hiyo. Hakuna kelele hata kidogo."

Tofali hakusikiliza. Kitu kilikuwa kimemchoma chini ya paja la kushoto.

Alijisogeza. Shimo la pili likaja, kikamchoma tena, juu kidogo, penye mfupa wa nyonga. Akasogea kulia, lakini kiti kilikuwa kimedidimia upande mmoja na kikamrudisha palepale kwa mteremko wake. Akaingiza mkono chini yake. Sponji ilikuwa imeisha, imebaki unga unga ndani ya kitambaa, na chini ya unga huo palikuwa na upau wa chuma uliokatiza kiti kutoka mbele hadi nyuma. Shimo la tatu. Upau ukamgonga pale pale.

Miaka kumi na moja alikuwa na gari hilo na hajawahi kukaa kiti hicho. Angekikalia lini? Dereva ni yeye. Barabara ameijua kwa mgongo wake mwenyewe, juu ya sponji yake mwenyewe, mpya mara mbili.

Hapo ndipo akakumbuka, na afadhali asingekumbuka. Mwaka ule wa kwanza, Malkia, ambaye hakuwa Malkia bado, alimwambia, "Hiki kiti kina kitu." Naye akajibu huku akibadilisha gia, "Ni barabara, mama. Barabara ndivyo ilivyo." Malkia hakulizungumza tena. Wiki iliyofuata akaja na mto.

"Mbona umenyamaza?" Kimya akauliza. "Hujapendezwa?"

"Rudi gereji," Tofali akasema. Aliona aibu hadi masikioni. Utani wote ule, kila safari, mbele ya watu, mbele ya watoto wao, Malkia ameshatandikiwa, na mwanamke wa watu anatafuta tu mahali pa kukaa.

Fundi wa viti alikuwa amefunga, asingefungua hadi Jumanne. Tofali akamwambia Kimya abadilishe viti, cha kulia kiende kushoto. Kimya akasema haviingiliani, cha dereva kina reli yake. Tofali akasema basi abadilishe sehemu za kukalia tu, zimeshikwa kwa boliti nne kila moja, amezihesabu. Kimya alimtazama, akatema nati iliyokuwa mdomoni. Akachukua spana.

Jumatatu Malkia alikuwa amekaa kitandani na nguo za nyumbani.

"Nilishasema," akasema.

"Ulisema. Twende mpaka kona ya kwanza tu. Ukiniambia rudi, narudi, na sitakusumbua tena kwa habari ya mguu."

Alifikiri sana. Kisha akavaa, akachukua fimbo mkono mmoja na mto mkono mwingine. Tofali alimfungulia mlango. Akauweka mto, akaupapasa, akakaa juu yake. Akajiinua kidogo, akauvuta mto akauweka magotini, akakaa tena bila kitu. Akapapasa kiti kwa kiganja, taratibu, kushoto hadi kulia.

"Hiki ni kiti chako," akasema.

Tofali alikuwa anawasha gari. "Juzi nilikaa kwenye chako," akasema. Alitaka kuongeza neno, nisamehe, au sikujua, lakini yote yalikuwa madogo. Akaondoa gari.

Shokapu mpya zilifanya kazi yake, na upau ukafanya yake. Shimo la kwanza lilimpata chini ya paja, la pili kwenye mfupa. Alikaza meno na kushika usukani kwa mikono miwili. Malkia hakuitazama barabara, alikuwa anamtazama yeye. Wakafika kona.

"Simamisha," Malkia akasema.

Akasimamisha. Kwa hiyo haikutosha. Akawasha taa ya kugeuzia gari ili warudi nyumbani, akaangalia kioo.

"Inuka kidogo."

"Nini?"

"Nimesema inuka."

Akajiinua kwa kushika usukani. Malkia akaingiza mto chini yake, akaupapasa, akausogeza nyuma, halafu kushoto, pale pale penye upau. Hakuhitaji kuonyeshwa.

"Haya," akasema, akafunga mkanda wake. "Mfalme ameshatandikiwa. Twende, bwana wa mazoezi hapendi wachelewaji."

Tofali hakucheka. Akazima ile taa, akaweka gia, akaenda mbele.