Shamiseni Niliyoipasha Moto

Jamani, atakayecheka acheke sasa amalize, maana nikifika kwenye moto sitaki kukatizwa. Mimi ni bibi shamba, kazi yangu kuzunguka kwenye mashamba ya kahawa huku Mbinga, ila kwetu ni Dodoma, na mwanamke wa Kigogo hafundishwi ngoma, anazaliwa nayo. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa naishi nyumba moja na Haruka, dada wa Kijapani aliyeletwa huku na kazi ya kuonja kahawa, akaonja, akanogewa na mengine (hayo mengine yanaitwa Mwalimu Osmund, kijana wa Mbamba Bay, mpole mpaka unamwonea huruma). Wakakubaliana kuoana. Mama yake kule Japani hakupenda. Hakugomba, hakulia, alisema tu atakuja mara moja, awaone hao wakwe, na huku hatarudi tena. Haruka akakosa raha kabisa. Akamwomba aje na shamiseni, yaani kama gita la kwao, nyuzi tatu, shingo ndefu, tumbo dogo la pembe nne lililowambwa ngozi kama ngoma. Mama ndiye aliyemfundisha kuipiga utotoni, na Haruka aliamini mama akiishika mbele ya wakwe, akapiga japo wimbo mmoja, moyo wake utalainika.

Ya zamani ilishachakaa, kwa hiyo ikabidi ichaguliwe mpya. Picha zikamiminika kwenye simu, sisi tuko jikoni tunachambua maharage. Kuna za shingo nyembamba, za kati na nene, tukachukua ya kati. Kuna kipigio, kimepanuka mbele kama mwiko wa kupakulia wali, tukachukua cha mti. Kuna kidaraja cha kuinulia nyuzi, kidogo hivi, mimi nikadhani kifungo cha koti. Tukafika kwenye ngozi: halisi au plastiki.

"Mama anasema bora plastiki," Haruka akasema. "Haisumbuliwi na unyevu wala joto."

"Plastiki ni ya ndoo," nikamjibu. "Mdogo wangu, utawapigia wakwe ndoo?"

Akacheka, akaandika ngozi halisi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na jembe lilikuwa langu mwenyewe.

Siku ikafika. Tuliondoka Mbinga na masweta, tukateremka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, tukakuta joto la kufukuta, mvua imetoka kunyesha. Mama Haruka ni mtu mfupi, kimya, na Kiswahili alikuwa na neno moja tu alilofundishwa njiani, marahaba. Nyumbani kwa kina Osmund wazee wamekaa, sufuria la samaki wa mbasa liko jikoni uani linatokota, na kina mama wa kioda, wale wachezaji wa ngoma ya wanawake wa ziwani, wako pembeni kwenye moto wanapasha ngozi za ngoma zao zikaze. Mama Haruka akafungua kasha, akagusa nyuzi mara mbili tatu, ikatoka sauti ya kulegea, dubu dubu. Akakunja uso, akailaza mkekani, akaingia ndani kuvaa kimono.

"Da' Nyemo, hataki," Haruka akaninong'oneza, machozi yanamlengalenga. "Nimemwona usoni. Hatapiga, na hatakubali."

Mimi nikaona mbona jambo lenyewe jepesi, ngozi imenywa unyevu tu, na ngoma ikilegea unaifanyaje? (Kwetu hata mtoto anayenyonya anajua.) Nikaibeba mpaka kwenye moto, nikaielekeza tumbo kwenye joto kama wenzangu walivyoelekeza ngoma zao, nikaigonga kwa kidole. Ti! Imeanza kukaza. Nikaisogeza kidogo, nikaigonga tena, ikalia vizuri zaidi, na mimi kichwa kikavimba.

"Mwanangu, hiyo ngozi ya mnyama gani? Mbona nyembamba hivyo?" bibi mmoja wa kioda akaniuliza.

"Ngozi ni ngozi, bibi," nikamjibu kwa madaha, nikasogeza tena.

PAA!

Yesu wangu! Ikapasuka toka juu mpaka chini, nyuzi zikalegea, kidaraja kikaruka sijui wapi, wazee wote wakageuka, na mlangoni akatokea Mama Haruka na kimono chake, amependeza kama bibi harusi. Aibu niliyoisikia, natamani ardhi ipasuke nayo inimeze. Nikapiga magoti, maneno yote yamenikimbia, likabaki moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia, huku anaitazama shamiseni yake.

Akamuuliza Haruka kitu kwa Kijapani. Haruka akaeleza huku analia, ananionyesha mimi, anaonyesha moto, anaonyesha ngoma. Mama akaenda mpaka kwenye ngoma moja, akaipapasa ngozi ilivyo ya moto, akaigonga kwa kiganja, akasikiliza. Sufuria la samaki linazidi kutokota pale pembeni. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema hii lazima irudi Japani ikawambwe upya," Haruka akatafsiri. Mama Osmund akainamisha kichwa. "Halafu anasema..." Akashindwa kuendelea, akajifuta uso kwa khanga. "Anasema ataileta mwenyewe."

Yule aliyesema mara moja tu! Vigelegele vilivyopigwa, nadhani ng'ambo Malawi walivisikia. Mama Haruka akasubiri vipungue, akanikazia macho mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti, akainua kidole.

"Purasutiki," akasema.

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Kidaraja tulikipata wakati wa kula, baba yake Osmund amekitafuna akidhani mfupa wa mbasa. Nami tangu siku ile nimejiapiza, hata kiporo cha mwenzangu sikipashi moto bila kumuuliza kwanza.