Paka wa Fundi Cherehani Arudiwa Kuchorwa

Jua la asubuhi limeshaingia dirishani, na mama mwenye doa la rangi kwenye nyusi amemkazia macho paka. Anachovya brashi, anasogeza uso karibu na turubai la kuchorea lililoegemezwa kwenye kiti, kisha anarudi nyumanyuma mpaka kisogo kinagonga kabati.

"Bado ana upole," anajisemea. "Upole huu wa nani?"

Nikutegee, msomaji: ni mteja gani hatulii, halipi, na kazi ikiisha hata haitazami? Usiumize kichwa. Ni paka. Na kuchora sura za paka, mbwa, sungura na kasuku wa watu ndiyo kazi inayomlisha mama huyu.

Majirani humwita Mama Ng'ombe, kwa sababu zamani alichora ng'ombe na mbuzi kwenye kuta za mabucha. Mbwa wa kwanza aliyeagizwa kumchora, alimchora amesimama ubavu kama mnyama wa bucha, kama mkono ulivyozoea. Mwenye mbwa akaangua kicheko: "Mama, huyu kilo anauzwaje?"

"Nilicheka mpaka machozi," anasema. "Lakini nilijifunza. Mnyama wa bucha humtazami machoni. Wa nyumbani usipomtazama machoni, hujamchora."

Kazi yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Mwezi huu oda tatu, mwezi ujao hata kasuku haji, naye anarudi kuandika mabango ya maduka.

Hata hivyo, ana sharti moja asilolivunja. Picha ikiisha huifunika shuka, humwita mwenye mnyama, huifunua, kisha hunyamaza kimya.

"Akinigeukia akasema hongera, najua nimeboronga," anaeleza. "Akisema na mnyama wake, basi, kazi imekwisha."

Wiki iliyopita aliboronga. Mteja ni jirani yake, bibi fundi cherehani, aliyefiwa na paka aitwaye Bosi. Kesho bibi huyo anahamia mbali kwa mwanawe, na anataka kuondoka na Bosi, walau ukutani. Mama Ng'ombe alichora kwa kufuata picha zilizo kwenye simu ya mjukuu wa bibi. Paka akatoka na macho makubwa, laini, yamejaa mapenzi.

Fundi aliitazama picha, akamgeukia mchoraji. "Hongera, mwanangu. Nzuri kwelikweli. Sasa huyu ni nani?"

"Si Bosi, bibi?"

"Bosi wapi! Huyu ananipenda. Bosi hakunipenda hata siku moja. Alinivumilia tu."

Mwingine angenuna. Mama Ng'ombe alivuta kigoda akaketi. Hakuomba picha nyingine, aliomba mashtaka. "Hebu niambie alivyokuudhi."

Hapo ndipo fundi alipofunguka. Mto aliomshonea, Bosi aliugeuzia mgongo. Yeye alilala juu ya kitambaa kilichokwisha kukatwa, tena kile cha mteja mwenye haraka. Ukimfukuza, anafumbua jicho moja tu, nalo nusu. Mteja akija kuchukua gauni lake, analikuta limeota manyoya.

Mama Ng'ombe alirudi nyumbani akafuta sura yote. Ndiye paka anayemsumbua asubuhi hii, na akikosea tena hakuna nafasi nyingine, mwenye paka kesho anaondoka.

Anashusha kope moja kwa ncha ya brashi. Mama mkwe wake anachungulia kutoka mlangoni.

"Mbona umemtia sura ya mwenye nyumba aliyefuata kodi?"

"Kweli, mama?" Mama Ng'ombe anaweka brashi chini, uso umemng'aa. "Basi nisimguse tena."

Mchana picha inabebwa, imefunikwa shuka. Nyumba ya fundi imebaki maboksi, cherehani imeshafungwa kamba, meza ya kukatia ndiyo pekee haijatoka. Picha inaegemezwa hapo. Shuka linaondolewa.

Mkono wa fundi unapanda juu kama wa kufukuza kuku.

"Bosi! Toka! Toka kwenye kitambaa cha watu!"

Mkono unabaki hewani. Kisha unashuka polepole mpaka ukingoni mwa picha.

"Hatoki," anasema, anacheka huku akijifuta macho kwa upindo wa gauni. "Mwone. Hatoki huyu, ng'o."

Mama Ng'ombe anakunja shuka lake, pembe kwa pembe, kama aliyeingia chumba ambamo watu wawili wana mazungumzo yao.

Sasa ana mpango wa kuanza kuchora binadamu pia. Ameshambembeleza mama mkwe wake akae kwenye kiti cha dirishani, naye mkwewe amekubali, ila kwa masharti.

"Kaniambia, 'Na mimi kwanza uyataje yote ninayokuudhi, mwanangu. Nitakaa nisikilize,'" anasimulia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Nimemwambia, mama, hapo tutahitaji turubai kubwa."