Joho la Mzee Nassor

Baba yangu, Mzee Nassor, alisukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege wa Dulles mpaka nyonga yake ikagoma. Kasukuma mabalozi, kasukuma vikongwe wasiojua neno la Kiingereza, kasukuma hata wazima wavivu wa kutembea. Sasa yeye ndiye wa kusukumwa, na hilo halipendi hata kidogo. Tangu apasuliwe hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu. Ama asimame, ama alale. Basi binti yangu Nahla alipokaribia kuhitimu chuo chake huko Maryland, mjadala nyumbani kwetu Herndon ulikuwa mmoja: Baba atafikaje?

Aliyetuokoa ni jirani yetu Christopher, Mhaya mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake.

"Dada Nunu, unajichosha bure. RV yangu si ipo? Mzee analala kitandani kama yuko kwake, mimi nadrive taratibu, tukifika napark, anaamka. Usiworry kabisa."

RV yenyewe ni gari refu lenye kitanda, jiko na choo, ambalo Christopher huenda nalo kuvua samaki na kurudi bila samaki. Nilimshukuru hadi akaona haya.

Ila mimi nilikuwa na donge jingine. Nahla kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini msemeshe, atakujibu nusu Kiingereza. Safari hii, kwa mapenzi ya babu yake, alitafuta neno kwenye simu, kisha akampigia: "Babu, siku ya graduation lazima nivae joho."

Neno halikuwa na kosa. Vazi la wahitimu ni joho, kila mtu anaita hivyo. Lakini Baba ni mtoto wa Malindi ya Unguja, na kwake yeye joho ni moja tu: lile vazi zito la sufu, lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu, analovaa kadhi siku ya Idi na bwana harusi siku ya kuoa. Na Baba analo. Babu yangu aliolea hilo, naye akaolea hilohilo.

Jioni ile nikamkuta amelitandaza kitandani, analipiga brashi polepole.

"Nunu," akasema, "mtoto kataka joho. Hakukwambia wewe, wala hakumwambia babaake. Kaniambia mie."

Uso ulikuwa unamng'aa. Hebu wewe niambie, ungesema nini? Mimi ambaye Herndon nzima inaujua mdomo wangu, nikamshikia tu pindo apige brashi. Nikaenda kumfokea Nahla kwenye simu, naye akaangua kilio. "Mama, what do I do? Wametupa gown zao, lazima tuvae hizo." Nilichoogopa ni kwamba Baba angefika kule na joho lake mkononi, akute halina mwenyewe, na fedheha impate mbele ya umati. Sikulala vizuri hata siku moja mpaka tukaondoka.

Njiani Baba alilala ubavu, dirisha likiwa usoni mwake, joho limekunjwa kifuani. Alikuwa hajawahi kupita barabara zile akiwa amelala, na alishangaa kila kitu. Tulipopanda daraja la kuingilia Oxon Hill, mto wa Potomac ukafunguka wote chini yetu, mpana, jua limeulalia, na gurudumu kubwa la bembea pale bandarini linazunguka taratibu.

"Subhanallah," akasema. "Mto wote huu ulikuwa hapa, na mimi nilikuwa nasukuma viti."

Christopher akapunguza mwendo ili mzee afaidi. Magari ya nyuma yakatupigia honi, naye akawajibu kwa Kihaya.

Tulipopaki, Nahla alikuwa anatusubiri. Akaingia ndani ya RV, keshavaa lake jeusi. Baba akamtazama. Akalitazama joho lililokuwa kifuani pake. Mimi nikafungua mdomo nijieleze, lakini yeye alikwisha geuza uso dirishani.

Nje, uwanja ulikuwa umejaa. Vijana kwa mamia, wote na majoho meusi juu ya majani mabichi, na walimu wao katikati na majoho mekundu, ya buluu, yenye mahameli mikononi. Upepo ukipiga, uwanja wote unapepea.

"Wote hawa?" Baba akauliza.

"Wote, Baba."

"Wamesoma?"

"Wamesoma."

Akasogeza uso karibu na kioo. "Ya Rabbi. Mji wetu mzima ulikuwa na majoho matatu, manne. Aliyelivaa kwa elimu alikuwa kadhi peke yake. Kumbe hapa makadhi wanapanga foleni!"

Nahla akapiga magoti kando ya kitanda. "Babu, I'm so sorry. Nitavaa lako after, nikivua hii."

"Usivue!" Baba alisema kwa ukali, hata Christopher akageuka. "Hili mimi nililivaa kwa kuoa tu. Hilo lako umelisomea. Usilivue."

"Basi vaa wewe, Babu. Tuvae wote."

Tukamvalisha. Nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukingoni mwa uwanja, uzi wa dhahabu ukimetameta, na watu wakatupisha. Profesa mmoja mwenye joho jekundu akasimama kulistaajabia, akauliza ni la chuo gani. Baba, kwa Kiingereza chake cha Dulles, akamjibu: chuo cha ndoa. Profesa akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Lilipoitwa jina la Nahla, Baba hakupiga makofi. Alisimama, ameshika mgongo wa kiti, mdomo wazi, akamfuata kwa macho mpaka aliposhuka jukwaani.

Sherehe ilipokwisha, Nahla alitujia mbio, akainama ashike mkono wa babu yake aubusu, kama nilivyomlea. Kwetu mdogo ndiye anayebusu mkono wa mkubwa. Ni mbele ya mwanachuoni tu, mtu wa elimu kubwa, ndipo mkubwa naye huinama.

Baba akauvuta mkono wake. Nahla akaduwaa, akidhani bado babu ana kinyongo. Hapo Baba akaushika mkono wa yule mtoto kwa mikono yake miwili, akauinamia, joho lake likagusa majani, akaubusu.

Nililia mbele za watu wala sikujificha. Maisha yangu yote, sijapata kumwona baba yangu akimwinamia mtu.