Difu Niliyoihesabu Mwenyewe

Kwenye gari hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, awe fundi wa mtaani, awe injinia mwenye vyeti ukutani. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuosha malori ya dagaa kwa ndoo na brashi, nikawa utingo, nikawa dereva, na leo malori mawili yanayopakia Igogo ni mali yangu. Sikurithi hata spana.

Na gari langu la kutembelea vijana wa Mwanza wanalijua. Gari dogo la Kijapani, silinda sita, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, tabo ya kuiongezea injini nguvu nimeifunga kwa mikono hii. Nikipita Igoma wanasimama. Kuna waliojaribu kushindana nami kwenye mlima wa kwenda Buswelu. Waulizeni wao.

Mwaka huu kijana wangu wa kwanza alipata mchumba upande wa Mara, kijiji cha ufukweni mbele ya Bunda. Baba wa binti alishafariki, anayemsimamia ni baba yake mdogo, mvuvi wa kisiwani asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza tuliyopangiwa kupeleka mahari tulishindwa kwenda kwa sababu ya msiba. Akatupa siku nyingine kwa shingo upande, na akanipigia simu mwenyewe.

"Mkwe, Jumamosi saa kumi jioni. Saa kumi na moja boti yangu inaondoka. Mkinikosa, msinitafute tena. Binti ana wengine wanaobisha hodi."

Kijana wangu aliisikia simu ile. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akakwangua tope kwenye soli ya kiatu, kiatu kisichokuwa na tope.

"Usiogope," nikamwambia. "Baba yako ana gari."

Alhamisi ya wiki hiyohiyo difu ikaanza kulia.

Difu, kwa asiyejua, ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna meno yanayopokea nguvu ya shafti, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye gia, na kuipeleka kwenye tairi. Shafti ikizunguka mara nyingi ili tairi izunguke mara moja, gari linakuwa na nguvu ya kuondoka na kupanda mlima, lakini mbio zake zinaisha mapema. Ikizunguka mara chache, gari ni zito kuondoka, ila likishashika lami halikamatiki. Yangu ya zamani ilikuwa tatu nukta saba, yaani shafti mara tatu nukta saba kwa tairi mara moja, ya katikati. Sasa meno yalikuwa yamelika, inalia kama fisi.

Nikaenda kwa muuza spea Igoma, uwanja wake umejaa difu zilizolala kama ng'ombe wanaocheua. Akanionyesha mbili.

"Bosi, hii ni tatu nukta saba, kama yako. Laki sita na nusu. Hii nyingine haina kibao cha namba, imetoka kwenye kontena jana. Laki saba na themanini."

"Ina ngapi?"

"Mimi sijui. Ihesabu."

Kuhesabu nilijua. Unapiga mstari wa chaki kwenye shafti, unapiga mwingine kwenye kitovu cha gurudumu, unazungusha na kuhesabu. Difu ile ilikuwa imelala na eksile zake, vile vyuma vya kushikia magurudumu, upande wa kulia umebanwa chini ya injini kubwa ya lori. Tungehitaji watu wanne kuiondoa. Nikaona hakuna haja, si upande wa kushoto uko huru? Nikachuchumaa, nikazungusha. Moja. Mbili. Mbili na nusu kasoro kidogo, chaki ya kitovu ikarudi mahali pake.

Nikarudia. Vilevile. Mbili nukta nne hivi! Nikajikaza nisicheke. Difu ya mbili nukta nne, kwenye silinda sita yenye tabo? Hiyo Bunda ningefika kabla vumbi la Igoma halijatua.

Hapo akatokea jamaa mmoja, nywele na nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe. Anabeba mawe ya kujengea kwa pikapu. Akaitazama difu ile, akaisukuma kwa mguu.

"Hii inauzwa? Naitaka."

"Umechelewa, kaka," nikamwambia. "Kwani wewe mawe yako yana haraka ya kwenda wapi?"

"Ya kwangu si haraka. Nataka nguvu ya mlimani."

"Basi hii si ya kwako. Hii ni ya wanaume wa barabara."

Akanitazama, akamtazama muuza spea. Nikatoa pesa palepale, nikiogopa asije akaongeza dau.

Fundi wangu akaifunga Ijumaa. Nilipotoka nayo kuijaribu kidogo, gari liliruka. Mshale wa spidi ukafika mia kabla sijameza mate. Injini ilikuwa inaunguruma kuliko zamani, lakini simba akinguruma unamlaumu? Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi. Fundi akasema, "Mzee, hii ni ndege." Nikaliingiza nyumbani, nikalifunika turubai.

Jumamosi tulikuwa watatu. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu kwa upande wa wanawake. Mshenga, mzee wa kanisa, mwenye saa ya mkononi anayoitazama kuliko anavyotazama watu. Na mimi kwenye usukani. Mahari ilikuwa kwenye mkoba wa dada, kaushikilia tumboni. Mshenga alitaka tuondoke asubuhi. Nikamwambia asinitie aibu, safari yenyewe natumia saa mbili na dakika chache. Tukaondoka saa saba na nusu.

Tulipita Kisesa, tukapita Magu. Kila penye nyumba nilishusha mshale mpaka hamsini, maana askari wa barabarani hawakosi. Penye uwazi nilipandisha mpaka mia na ishirini. Injini ilipiga kelele mpaka dada akawa anasema kwa kupaza sauti.

"Mdogo wangu, hili gari linaumwa?"

"Linakimbia, dada. Ndivyo linavyokimbia."

"Mbona ile Kosta imetupita?"

Kweli, Kosta ya abiria ilikuwa imetupita, imefunga kuku juu. Nikasema dereva wake ni mwendawazimu. Kisha likatupita lori la mchele. Nikaukodolea macho mshale, ulikuwa palepale, mia na ishirini, haudanganyi.

Mshenga akaitazama saa yake. Akatazama nje. Akaitazama tena.

"Bwana, ni saa tisa na robo, na Lamadi bado."

"Haiwezekani. Saa yako inakimbia."

"Saa yangu ina miaka ishirini haijawahi kukimbia."

Tulipoingia Lamadi, askari akatupungia mkono. Moyo ukanilipuka, maana kila dakika ilikuwa imehesabiwa. Nikashusha kioo.

"Shikamoo mzee. Leseni."

"Marahaba. Kijana wangu, nilikuwa hamsini kamili, usinibambikie, tunawahi ukweni kupeleka mahari."

Akacheka, akaniletea kile chombo chao cha kupimia mwendo tunachokiita tochi, akanionyesha namba. "Hamsini wapi? Thelathini na nane. Nimekusimamisha nikague leseni tu. Mbona unatembea kama umebeba mayai?"

"Chombo chako kibovu."

"Basi ni kibovu toka asubuhi, mzee, na watu wanalipa." Akanirudishia leseni. "Msalimie bibi harusi."

Tukaondoka. Dada akasema polepole, "Thelathini na nane?" Kwenye kifua changu kitu kilikuwa kinapanda kama maji kwenye mtumbwi.

Nikamwambia mshenga apime. Pembeni mwa barabara ile kuna nguzo za kilometa. Kwa mia na ishirini unamaliza nguzo mbili kwa dakika moja. Nikashika mia na ishirini, yeye akashika saa. Tukaanzia kwenye nguzo moja, ikapita ya kwanza baada yake. Dakika ikaisha, ya pili hatujaiona. Ilipofika, sekunde ishirini zilikuwa zimepita juu ya ile dakika.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa bila kufundishwa na mtu. Mshale wa spidi hausomi tairi, unasoma shafti. Shafti ilikuwa inazunguka kama kichaa na tairi zinatembea. Ile difu haikuwa mbili nukta nne. Upande mmoja wa difu ukibanwa, ule ulio huru unazunguka mara mbili ya kawaida yake, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nusu ya ukweli. Nilikuwa nimefunga nne nukta nane, ama tisa. Meno ya kubebea mawe.

"Tatizo nini?" dada akauliza.

"Hakuna tatizo. Tunachelewa."

"Tunachelewa kiasi gani?"

"Dada, omba Mungu."

Saa tisa na nusu, na mbele yetu njia ilikuwa bado ndefu. Nikawa na mambo mawili tu. Niende hivyohivyo nimkose yule mzee kwenye boti yake, au niisukume injini pale isipotakiwa kusukumwa, ikivunjika tulale porini na mkoba wa mahari. Nilimfikiria kijana wangu pale kwenye ngazi. Nikakanyaga mpaka mwisho.

Mia na thelathini. Mia na arobaini. Mia na hamsini, ambayo kwa ukweli ni mia na kidogo. Injini ililia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, kama sufuria tupu kwenye moto. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungulia hita ipunguze moto wa injini, mle ndani tukawa tunaokwa. Dada alikuwa anasali kwa Kisukuma. Mshenga alikuwa ametoa koti, bado anaitazama saa.

"Na robo tatu," akasema. Baadaye, "Kumi kamili."

Tukaipita Bunda, tukakata kushoto kwenye barabara ya vumbi. Mshale wa joto uligusa nyekundu. Nikasikia harufu ya maji matamu ya rejeta. Sikusimama.

Tulipofika, turubai ilikuwa bado imefungwa lakini vijana walikuwa wanakusanya viti. Baba mdogo wa binti alikuwa amesimama mlangoni, begi la safari begani. Moshi ulitoka kwenye boneti yangu mbele ya ukoo mzima.

"Saa kumi na dakika ishirini na sita," akasema.

Dada akashuka, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, na umri wake ule. "Tusamehe, baba. Tumekuja."

Akamwinua. Shangazi wa binti, mama mnene mwenye kitenge cha bluu, akanizunguka akilitazama gari.

"Huyu ndiye mwenye gari linaloshinda magari yote ya Mwanza? Tulisikia kwa kijana wake."

"Ndiye," mshenga akasema.

"Limeshinda au limeshindwa?" Wanawake wakaangua kicheko. Yule mzee hakucheka. Akashusha begi chini.

"Kuna faini ya kuchelewa," akasema. "Elfu ishirini kila dakika. Mkilipa, mnakaa. Mkianza kunung'unika, mimi nina boti."

Mimi ni mtu wa kupunguza bei. Nimepunguza bei ya malori, ya viwanja, ya injini. Nikafungua mdomo, nikamwona dada ananitazama. Nikaufunga. Nikahesabu noti mwenyewe, mbele ya watu. Viti vikarudishwa. Boti ilimsubiri kidogo, maana anayeiendesha ni mdogo wake. Tulipokea soda, mahari ikapokelewa, na dada akapiga vigelegele mpaka akapaliwa. Nikampigia kijana wangu. Alikata simu kabla sijamaliza, nadhani alikuwa analia.

Siku iliyofuata tulirudi, tukabadilisha difu, ile ya tatu nukta saba ilikuwa bado ipo. Yule jamaa wa mawe nikamtafuta, akaichukua ya kwangu kwa laki nne, na hakunicheka, alisema tu asante. Sasa gari linakimbia. Njoo uone.

Na ukichukua difu zote mbili, faini, fundi mara mbili na oili mara mbili, ukatoa laki nne za jamaa wa mawe, safari ile ya ukweni ilinigharimu shilingi milioni moja, laki nane na elfu kumi na tano.