Uvimbe wa Ruksa

Mwaka 1995 serikali ilinipunguza kazini, mimi Januarius, bwana mifugo mwenye cheti cha miaka miwili. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza chochote, nami nikafungua duka la dawa za mifugo Somanda, hapo Bariadi. Watu wakaniita Dokta. Sikuwasahihisha.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mama mmoja mkulima wa pamba kutoka Zagayu, Klementina, alinijia na baiskeli. Nyuma amefunga tenga, ndani ya tenga kuna mbwa jike aitwaye Ruksa. Kichwa kimevimba, macho yamebaki vijitundu.

"Mwangaluka, Dokta," akanisalimu kwa Kisukuma. "Anakohoa na kuvimba."

Nilivaa kipimo cha kusikilizia kifua. Mara nyingi nilikivaa ili wateja wakione. "Ameumwa na nyuki, mayu," nikasema, nami nikimwita mama kwa Kisukuma, nikamchoma mbwa sindano.

Wiki moja baadaye akarudi. Sasa hata miguu ya mbele ilikuwa imejaa. "Nimonia," nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma ng'ambo. Sindano tano, moja kila siku, na mama wa watu akapiga pedali kutoka Zagayu siku zote tano.

Siku ya sita alimshusha Ruksa kwenye benchi langu. "Dokta, mbona anavimba mbele tu? Nyuma amekonda. Na halali chini tena, anasinzia ameketi."

Swali hilo lilipaswa kuwa langu. Nikaona haya, nikafanya kile nilichofundishwa chuoni na ambacho sikuwahi kukifanya: nikaweka kidole kifuani kwa Ruksa, nikakigonga kwa kidole kingine, kama mtu anayepima debe kama lina mafuta. Kwenye mbavu za nyuma palilia wazi. Mbele, karibu na shingo, palilia kama gogo. Mapigo ya moyo nayo niliyasikia nyuma sana, mahali pasipo pake, kana kwamba kuna kitu kimeusukuma.

"Mayu, kuna kitu humu ndani. Sijui ni nini."

"Sindano zile zote ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi leo ndiyo umemtibu," akasema, akamfunga mbwa wake kwenye tenga.

Siku ya pili yake nilimfuata Zagayu. Ruksa alikuwa amekufa asubuhi ile. Niliomba ruhusa nimpasue, nikitegemea kufukuzwa. Klementina aliniletea maji na kisu, akachuchumaa kando yangu.

Mbele ya moyo palikuwa na donge kubwa kuliko ngumi yangu, gumu, jeupe kama kiazi kilichomenywa. Lilikuwa limeubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na miguu ya mbele. Nilimwonyesha.

"Damu ilishuka wapi?" akauliza.

"Haikupata njia. Ndiyo maana akavimba mbele."

Nilikata kipande, nikakitia kwenye chupa ya jemu yenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, nikakipeleka kwa basi maabara ya mifugo Mwanza. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: saratani ya tezi iliyo mbele ya moyo, nadra sana kwa mbwa. Bahasha iliandikwa "Dr. Januarius". Nakiri kwamba njia nzima ya kwenda Zagayu bahasha hiyo niliiweka kwenye mfuko wa shati, herufi hizo zikichungulia nje.

Klementina alikuwa shambani anachuma. Nilimsomea barua yote nikiwa nimesimama.

"Ungejua mapema angepona?"

"Hapa kwetu, hapana. Lakini nisingemtesa kwa sindano, wala wewe kwa baiskeli."

Alijifuta uso kwa kanga. Kisha akanirushia gunia tupu. "Anza mstari ule."

Nilichuma pamba mpaka saa tisa. Alipokagua gunia langu alikuta nusu yake ni majani, akalimwaga lote chini, akaniambia nichambue upya.