Kanisa Nililoliona Kopenhagen

Nikiri tu, ndugu zangu, maana Njoro nzima inajua tayari. Mwaka jana, 1958, chama chetu cha maziwa kilinipeleka Denmark kujifunza kutengeneza siagi. Jumapili moja nikatembea Kopenhagen, mji ulio kando ya bahari, nikitazama minara ya shaba iliyogeuka kijani. Karibu na bandari nikaona jengo la matofali mekundu, madirisha marefu, mnara mzuri ajabu. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nilivua kofia, nikapiga magoti kwenye ngazi, nikawaombea watu wa nyumbani. Kulikuwa na harufu. Nikadhani ni ya bahari. Halafu nikalipiga picha.

Niliporudi, kanisa letu la mabati lilikuwa likivuja. Nikawaonyesha wazee ile picha, nikalisifu jengo mpaka wakakubali tujenge vile vile. Jumapili iliyopita kuta zilikuwa zimefika magotini, na tukapata mgeni: mama Mdenmark, mke wa daktari wa ng'ombe kule Molo. Nikampa picha kwa maringo, mbele ya watu wote.

"Bwana Njoroge," akasema polepole, "hii ni nyumba ya kupampu maji ya vyoo."

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walicheka mpaka machozi. Mama Wanjiru, mwenyekiti wa ujenzi, akaichukua picha, akaitazama sana.

"Kama maji ya choo wameyajengea hivi," akasema, "Mungu atakataa nini? Njoroge, leta matofali."