Mbwa Jike Hana Mwenyewe

Miaka ile watu wa mtaa wetu wa Mukendo, Musoma, walipanga mawe na vikapu kushika foleni mbele ya duka tangu alfajiri wakingojea unga wa njano, nami nilikuwa na watoto wa mbwa watano uani. Mama yao alikula sumu ya panya akafia mlangoni kwangu. Sikuwaomba. Jirani yangu aliniambia wazi kwamba kulisha mbwa wakati watoto wa watu wanalala njaa ni laana. Nikamuuliza kama wanawe wangependa vichwa vya furu, visamaki vya ziwani, nilivyookota mwaloni wavuvi wanaposhusha samaki. Hatukusalimiana tena.

Madume wanne walipata wenyewe upesi. Akabaki jike, na jike hana mwenyewe: atazaa, na atakuletea madume wa mtaa mzima. Mwenye nyumba wangu akasema asipopata pa kwenda, atamtia kwenye gunia na kumtupa ziwani. Nilimwamini, kwa sababu paka wa mpangaji mwenzangu alikwenda hivyo hivyo.

Ndipo akaja mzee mmoja mfugaji kutoka Bunda, aliyesikia habari kwa dereva wa lori la pamba. Hakupiga hodi vizuri wala hakuketi. Alimshika yule jike sikio moja akamnyanyua hadi miguu yote minne ikaning'inia. Mbwa alinyamaza. Mimi nilipiga kelele.

"Mama mwalimu, sisi tunawapimaga hivi," alisema. "Akilia, huyo si wa zizi. Huyu hajalia, namchukua."

"Humchukui. Wewe utamuua."

Alifuta mikono kwenye kaptula akaondoka bila kuaga. Nilifurahi kumkomesha.

Wiki ile ile nikampa mama mmoja wa kanisani, mwenye mapazia dirishani na maneno laini, aliyemwita mbwa "mtoto wetu". Nilijisifu kwa kila aliyetaka kusikia na wengi ambao hawakutaka. Mwezi ulipopita nikapita kumwona. Mbwa alikuwa nyuma ya jiko, amefungwa kwa waya kwenye mpera, shingo imechunika mpaka nyama inaonekana.

"Anakulaga sana huyu," yule mama alisema akitabasamu. "Na unga wenyewe uko wapi, mwalimu?"

Nimewachukia watu wachache maishani, na huyo ni wa kwanza. Nilifungua waya, nikambeba mbwa nikapita mbele yake kama napita mbele ya kisiki. Nyumbani mwenye nyumba alitutazama akasema gunia bado analo.

Jumamosi nikapanda lori la pamba hadi Bunda, mbwa kwenye kikapu. Nilimkuta mzee zizini. Aliitazama ile shingo.

"Na mimi ndiye muuaji," akasema.

"Nilikosea, baba." Nikatua kikapu miguuni pake, nikamweleza habari ya waya na ya gunia.

Alimwita mkewe alete samli, naye mke akaketi chini akampaka mbwa kidondani taratibu, akamwekea na maziwa kwenye kibuyu kilichokatwa. Nikaaga. Mbwa akaacha maziwa akanifuata hadi nje ya boma.

"Utamfukuza wewe mwenyewe," mzee akasema. "Sisi aliyelea ndiye anafukuzaga. Nikimfukuza mimi, atanikimbia akutafute wewe, afie barabarani. Na kumfunga simfungi."

Nilimwambia hiyo ni roho mbaya. Akasema basi nirudi naye Musoma. Alijua siwezi, na nilimchukia kwa kujua kwake.

Nikamkemea mbwa. Akatikisa mkia. Nikaokota donge la udongo nikalitupa pembeni makusudi, naye akalikimbilia, akadhani tunacheza.

"Mpige," mzee akasema.

Nikaokota la pili nikampiga nalo ubavuni kwa nguvu zangu zote. Akasimama. Akanitazama kana kwamba ananitambua upya, kisha akageuka, akaenda kulala kando ya yule mama mwenye samli. Nilitembea hadi barabarani nikimtukana mzee kwa sauti, na sikugeuka hata mara moja, kwa hofu kwamba angekuwa ananifuata, na kwa hofu kubwa zaidi kwamba hanifuati.